Kitambi Si Cheo

Wadau, Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa jirani, huku Tabata. Hata sijakaa vizuri, mshkaji niliyesoma naye akanipapasa tumbo mbele za watu: "Mwanangu, mshiko umekukubali!" Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka, tena nikajisikia mkubwa.

Usiku nikamkumbuka mama mdogo. Miaka kadhaa iliyopita aliambiwa ana kisukari aina ya pili, na daktari akamshauri apunguze uzito. Akajitahidi kweli. Akaacha soda, akapunguza wali, akawa anatembea kila asubuhi. Kilo zikaanza kushuka, na hapo ndipo maneno yalipoanza mtaani: "Mama fulani mbona anaisha? Atakuwa amekanyaga miwaya." Mama mdogo akashindwa kuvumilia, akarudi kwenye sahani yake ya zamani ili watu wanyamaze. Wakanyamaza. Mwaka juzi alikatwa vidole viwili vya mguu.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Hapa kwetu mtu akinenepa tunampongeza, akipungua tunamsengenya. UKIMWI ulitufundisha kuogopa wembamba, na hofu hiyo bado tunayo ingawa dawa zipo. Macho yetu ndiyo tumeyafanya kipimo, na macho hayaoni sukari wala presha.

Vipimo vyenyewe havina uchawi. Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mimi nina kilo 92 na urefu wa mita 1.70. Mara 1.70 kwa 1.70 unapata 2.89; gawanya 92 kwa hiyo, jibu ni 31.8. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni kiribatumbo. Kumbe nilikuwa napongezwa kwa ugonjwa!

Najua kuna atakayesema hesabu hiyo inadanganya, kwamba mbeba vyuma wa gym naye ataonekana ana kiribatumbo. Ni kweli. Ndiyo maana Januari 2025 jopo la wataalamu kupitia jarida la The Lancet Diabetes & Endocrinology lilipendekeza namba hiyo isitumike peke yake: mtu apimwe na kiuno, kisha iangaliwe kama unene umeshaanza kuharibu kazi za mwili. Futi ya fundi cherehani inatosha. Ipitishe katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshatoa pumzi. Mwanaume akizidi sentimita 94 hatari imeanza, akizidi 102 imekuwa kubwa. Kwa mwanamke ni 80 na 88.

Kwa nini kiuno? Kwa sababu mafuta yanayozunguka ini na utumbo ndiyo korofi zaidi. Yanafanya insulini ishindwe kufanya kazi yake vizuri, sukari inabaki kwenye damu. Presha nayo inapanda, na huko mbele kuna kiharusi, ugonjwa wa moyo, magoti kuuma, kukoroma mpaka pumzi inakatika usingizini, na baadhi ya saratani, ikiwemo ya utumbo mpana na ya matiti kwa waliokoma hedhi.

Tafadhali msinielewe vibaya. Sisemi wanene ni wavivu au walafi. Kuna urithi, kuna dawa zinazonenepesha, na kuna maisha yetu haya ya kukaa ofisini kutwa, saa mbili kwenye foleni, kisha chipsi mayai usiku kwa sababu ndizo zilizo jirani. Kumcheka mnene ni ujinga uleule wa kumsengenya aliyepungua.

Habari njema ni kwamba si lazima uwe kama mwanamitindo. Kupunguza hata asilimia 5 ya uzito kunasaidia presha na sukari. Kwangu hiyo ni kilo 4.6 tu.

Jumatatu nilinunua futi Kariakoo. Kiuno changu ni sentimita 104. Wiki hii naenda kupima sukari na presha. Kwa hiyo wadau, mkiniona nimepungua miezi ijayo, msiulize naumwa nini. Na mkimwona mama mdogo anatembea asubuhi na fimbo yake, msalimieni tu, apite.

Nawasilisha.