Ndege Ajenge Mtoto, Si Fundi

Wazazi wetu wa Thika na Ruiru, kwa heshima, leo tuongee ukweli. Shule ikiitisha mfano wa ndege, mnafanya nini? Mnampigia fundi simu. Jioni ndege inafika imepakwa rangi, inang'aa kuliko gari la mwalimu mkuu. Asubuhi mtoto anaibeba kama mtu aliyetumwa mzigo. Akiulizwa mbawa zake zina urefu gani, anaangalia viatu.

Fundi simlaumu, naye anatafuta unga. Lakini huu mtaala wa umilisi, hii CBC, si uliletwa ili mtoto afanye kwa mikono yake? Sasa tumemlipia mtu mzima afanye mtihani wa darasa la tano!

Chukua F-5, ile ndege ya kivita ya Jeshi la Wanahewa la Kenya ambayo kambi yake iko Nanyuki. Ile ya kiti kimoja ina urefu wa mita 14.45, na kutoka ncha ya bawa moja hadi jingine ni mita 8.13. Mwambie mtoto agawanye kwa 48. Urefu unakuwa sentimita 30, yaani rula moja ya shule. Mbawa, kama sentimita 17. Rubani wa mita 1.7 anabaki sentimita 3 na nusu, mfupi kuliko njiti ya kiberiti. Hapo skeli imeingia kichwani bila kelele, na kilichotumika ni katoni ya dukani, gundi na makasi.

Halafu swali litakuja lenyewe: mbona hii ndege imebanwa kiunoni kama chupa ya soda? Kwa sababu F-5 hupita kasi ya sauti, na ukikaribia kasi hiyo hewa hukataa kabisa kitu kinachonenepa ghafla. Pale mbawa zinapoanza, mwili unapunguzwa ili unene wote kwa jumla usiruke mara moja. Nimeona ndege kadhaa za kununua, na nyingi zimenyooka tu kama bomba la maji. Hakuna aliyeuliza hilo swali.

Najua utaniambia, "Wewe kijana una wakati, mimi nashuka matatu saa tatu usiku nimechoka." Ni kweli. Lakini hakuna anayekuomba ukate katoni. Jumamosi saa moja tu, kaa kando, shika rula, mwache akosee na arudie. Na kama ndege ya vita haikupendezi, ajenge matatu ya Thika. Hesabu ni ileile.

Walimu nanyi, acheni kupatia rangi alama. Ulizeni swali moja kwanza: uligawanya kwa ngapi? Aliyejenga mwenyewe atajibu kabla hujamaliza kuuliza, hata kama bawa lake moja limepinda.