Usingizi Si Kipimo cha Nguvu ya Dawa

Hivi karibuni nilisimama katika duka moja la dawa, karibu na soko la Darajani, nyuma ya bwana mmoja aliyejaa mabaka ya kuwasha shingoni na mikononi. Muuzaji alimpa vidonge vya setirizini. Yule bwana akavirudisha, akasema anataka "ile inayolaza", kwani dawa isiyomlaza mtu si dawa. Akapewa alichokitaka, akameza kidonge papo hapo, kisha akatoka na kushika usukani wa gari la abiria liendalo Bumbwini.

Imani ile nimeikuta hata kwa watu waliosoma, nayo yastahili kupingwa.

Mwili unapokabiliana na kitu usichopatana nacho, seli fulani za kinga zilizomo ngozini humwaga kemikali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo inayofanya mishipa midogo ya damu ivujishe maji, ngozi ikavimba kwa mabaka na kuwasha. Puani huleta chafya na makamasi. Dawa za kuzuia histamini, ambazo ya kwanza yake iligunduliwa mjini Paris mwaka 1937 na Daniel Bovet na mwenzake (Bovet akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1957), hazifanyi zaidi ya kuikalia histamini nafasi yake.

Lakini histamini haimo ngozini tu. Ndani ya ubongo ina kazi nyingine kabisa, nayo ni kutuweka macho. Vidonge vya zamani, kama klorofeniramini ambayo wengi wetu huijua kwa jina la Piriton, hupenya mpaka ubongoni na kuizuia huko pia. Hapo ndipo usingizi unapotoka. Kuwasha hutulizwa ngozini, usingizi huletwa kichwani, wala hili si dalili ya lile. Setirizini, loratadini na feksofenadini huingia ubongoni kwa kiasi kidogo tu. Hata hivyo, kidonge kimoja cha miligramu 10 cha setirizini au loratadini humtosha mtu mzima kwa siku nzima, ilhali klorofeniramini yapasa kurudiwa kila baada ya saa 4 hadi 6. (Mwenye kufunga Ramadhani ataiona mara moja faida ya hesabu hiyo.) Tena, aliyemeza dawa ya kulaza huweza kupungukiwa na wepesi wa akili na mkono bila ya mwenyewe kujihisi. Kwa dereva, kwa nahodha wa mashua, kwa mkwezi aliye juu ya mnazi, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, sitaki msomaji aondoke na imani nyingine potofu, kwamba dawa isiyolaza haina madhara yo yote na yaweza kumezwa mbili mbili. Terfenadini, mojawapo ya dawa za mwanzo za jamii hii, ilienea sana katika miaka ya 1980. Ilipomezwa pamoja na erithromisini au ketokonazoli, ini lilishindwa kuivunja, ikarundikana katika damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Iliondolewa katika soko la Marekani mwaka 1998. Feksofenadini ndiyo ile ambayo ini huigeuza terfenadini kuwa, nayo haina kasoro hiyo ya moyo. Lakini maji ya balungi na ya machungwa huizuia isiingie mwilini ipasavyo, basi imezwe kwa maji matupu. Setirizini nayo huwalaza baadhi ya watu, hivyo ni busara kuijaribu kwanza usiku usio na safari. Hutolewa mwilini na mafigo, kwa hiyo wenye maradhi ya figo hupunguziwa kipimo na daktari.

Kisa cha samaki chataka maneno zaidi, kwa kuwa ni cha kwetu. Nyama ya jodari na ya kibua ina histidini kwa wingi. Samaki akikaa juani bila ya barafu, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini, na moto wa jikoni hauivunji, awe amekaangwa au ametiwa katika mchuzi wa nazi. Mlaji uso humwiva, kichwa humwuma, mabaka humtoka, akahukumu kwamba samaki yule hapatani naye maisha. Wakiugua wengi waliokula sinia moja, yafaa kumshuku samaki kabla ya kuushuku mwili wa mtu. Kidonge humsaidia mgonjwa, lakini kilichokosekana ni barafu kuanzia mashuani hadi sokoni.

Mabaka yanayorudi kwa zaidi ya wiki 6 yapelekwe kwa daktari. Na ikiwa ulimi au midomo inavimba, pumzi inabana, au mtu anazirai baada ya kuumwa na nyuki au kula kamba, kidonge cho chote kisisubiriwe: huchukua kama saa moja kufanya kazi sawasawa, wala hakifungui koo. Mtu huyo anahitaji sindano ya adrenalini. Apelekwe Mnazi Mmoja au hospitali iliyo karibu bila ya kuchelewa.

Kwa wauzaji wa dawa nina ombi. Kabla ya kumkabidhi mteja vidonge hivi, mwulizeni anafanya kazi gani na anatumia dawa gani nyingine. Swali hilo halichukui nusu dakika. Pale Darajani halikuulizwa, wala mimi niliyesimama nyuma sikulitamka.