Uhaba humfaidi anayeweza kungoja

Huko Marekani kuna kampuni inayouza michezo ya video kwa hesabu ndogo. Limited Run Games ilianza mwaka 2015 kwa kutoa nakala 1,500 tu za mchezo Breach & Clear, uliokuwa tayari unauzwa kwenye intaneti. Zikaisha kwa muda usiofika saa mbili. Hesabu yake ni nyepesi: ukitoa mali chache kuliko watu wanaoitaka, hakuna mzigo unaobaki stoo, na mnunuzi hana nafasi ya kubishana bei.

Jambo hilo linatuhusu sisi wa Bukavu. Vifaa vya kielektroniki, mashine za michezo zikiwemo, vinahitaji tantali inayotoka katika koltani, na koltani ndugu zetu wanaichimba Kalehe na Shabunda.

Tumekwisha kuona uhaba unavyofanya kazi. Oktoba 2000, Sony ilipeleka Marekani mashine 500,000 za PlayStation 2 badala ya milioni 1 iliyoahidi, kwa sababu vipuri vilikosekana. Wakati huohuo viwanda vya simu na vya tarakilishi viligombania tantali, na bei ya koltani ikapanda mara kadhaa. Watu wakaacha mashamba, wakakimbilia mashimo. Novemba, RCD iliyotawala mji huu ikaipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kuuza koltani nje. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na walioacha mashamba wakakuta magugu.

Leo wapo wanaosema: nasi tupunguze mali ili bei ipande. Wanatoa mfano wa kobalti. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kuiuza nje, na Oktoba ikaweka kiwango kwa kila kampuni. Kweli, bei ilipanda.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inamsahau mchimbaji. Septemba 2010, Raisi Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Ulikuwa uhaba wa kupangwa, lakini hakuna aliyemlipa mchimbaji miezi ile. Kilichoongezeka kwake ni deni dukani.

Kampuni ya michezo inaweza kungoja. Mchimbaji anauza jioni ili watoto wapate ugali, hata kama bei ni mbaya. Tena, tangu AFC/M23 iingie Bukavu Februari 2025, hakuna mamlaka moja inayoweza kuhesabu kila mfuko unaotoka jimboni.

Kwa hiyo, anayetaka kiwango cha koltani aanze na kooperative za wachimbaji: ziwe na stoo yao, mizani yao, na mkopo mdogo wa kumshikilia mwanachama hadi bei itengemae. Bila hayo, uhaba utamnenepesha mwenye stoo mjini, na mchimbaji atabaki na shimo.