Kutu Haingoji Muhula Ujao

Katika nyua za shule nyingi za upili humu nchini huegeshwa lori. Ndilo liletalo mahindi, maharagwe na kuni za jikoni. Lilipokuwa likinunuliwa, wazazi walichangishwa, mgeni wa heshima akaalikwa na utepe ukakatwa. Miaka michache baadaye, madigadi yake yamejaa mabaka mekundu, na sehemu za chini za milango zimetoboka mithili ya chekecheke. Hapo wazazi huitwa tena wachange.

Yamkini msomaji atauliza mwalimu wa isimu ana lipi la kusema kuhusu mabati ya lori. Analo, kwa kuwa chanzo cha hasara hii ni maarifa yaliyogawanywa mapande mawili yasiyokutana. Mwanafunzi hukariri kwa Kiingereza jinsi chuma, hewa na maji vinavyozaa kutu, akapata alama zake na kupita kando ya lori lile lile linaloliwa. Naye fundi wa jua kali, kule Kamukunji au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, hulijua jambo hilo kwa vidole vyake, lakini hakuna amwitaye darasani.

Na tuyaunganishe mapande hayo. Rangi ya gari ni zaidi ya pambo. Ni ngozi inayozuia maji na hewa visigusane na chuma. Kokoto ya barabara ya changarawe ikirushwa na gurudumu, huibandua ngozi hiyo mahali padogo kama punje ya mtama. Unyevu ukipenya hapo, kutu huanza. Isitoshe, kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo huvimba, ikaisukuma rangi nzima iliyo kandokando na kuibambua. Ndiyo maana kidonda kidogo hutanuka chinichini kabla jicho halijatambua. Chumvi huharakisha mambo, na wakazi wa Pwani, ambako upepo wa bahari huvuma mchana kutwa, ni mashahidi. Hali kadhalika matope yakiziba matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya mlango, maji hutuama ndani, na bati huoza kutoka upande usioonekana.

Tiba yake si ya gharama kubwa ikiwahiwa. Mahali palipobanduka huoshwa kwa sabuni na maji, pakakaushwa kabisa. Kisha hupigwa msasa, kwanza ule wa kukwaruza, halafu ulio laini, hadi kutu yote iondoke na chuma king'are, na kingo za rangi ya zamani ziteremke taratibu bila ngazi. Mafuta na vumbi hupanguswa. Rangi ya msingi inayozuia kutu hupakwa siku hiyo hiyo, maana chuma kilichoachwa uchi usiku mmoja wenye umande huanza kushika kutu upya. Rangi yenyewe hufuata kwa matabaka membamba kadhaa, kila moja likiachwa likauke. Tabaka moja nene hutiririka na kupasuka. Anayefanya kazi hiyo sharti afunike pua na mdomo, kwani vumbi la rangi kuukuu laweza kuwa na madini ya risasi, na mvuke wa thina haufai kuvutwa wala kusogezwa karibu na moto. Bati lililokwisha kutoboka halina budi kukatwa na jipya kuchomelewa. Kulifunika kwa fila na kulipaka rangi ni kumvisha mgonjwa kanzu na kumwita mzima.

Watakuwapo watakaosema kwamba hayo ni ya mafundi, na kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuyaelezea. Hoja ya kwanza ni dharau kwa kazi ya mikono, dharau ambayo mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikusudia kuiponya bila kufaulu vya kutosha. Hoja ya pili hukanushwa na lugha yenyewe. Msasa ni mti ambao majani yake makavu na makali yalitumiwa kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijafika. Karatasi ilipofika, ilirithi jina. Leo twasema hata mwanafunzi amepigwa msasa. Lugha iliyolichukua neno kutoka msituni hadi karakana, na kutoka karakana hadi darasani, haiwezi kushindwa na mlango wa lori. Kutu, bati, madigadi, fila na kuchomelea ni maneno yanayotumika kila siku. Yaliyokosekana ni madaftari ya kuyaandikia.

Pendekezo langu ni jepesi. Mara moja kila muhula, mwalimu wa kemia na mwalimu wa Kiswahili walizunguke gari la shule pamoja na wanafunzi wao. Vidonda vya rangi vitafutwe na kutiwa alama, matundu ya milango yazibuliwe, na fundi wa mtaani aalikwe, alipwe haki yake, aonyeshe kazi hiyo huku akieleza. Kisha kila mwanafunzi aandike kwa Kiswahili sanifu alichokiona na sababu zake. Mwalimu wa kemia atajua nani ameelewa na nani amekariri. Mwalimu wa Kiswahili atapata insha yenye kitu ndani yake. Na mwalimu mkuu atabakiwa na lori.

Likizo i karibu, na magari mengi yataachwa nje mvua ikinyesha. Mdharau mwiba mguu huota tende. Atakayepita kando ya lori la shule kesho asubuhi, na aliiname, atazame chini ya mlango.