Mbia Akija Kujenga Hosteli

Ukitaja ubia kati ya serikali na sekta binafsi mbele ya wanafunzi wa vyuo vikuu nchini, majibu huja haraka na kwa mafungu mawili. Wako wanaosema nchi inauzwa, na wako wanaosema fursa imefika. Mjadala wa bandari wa mwaka 2023 ulizidi kuwatenganisha. Bunge lilipoidhinisha makubaliano ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari mwezi Juni, ubishi uliwaka mitandaoni na vimbwetani, na wengi waliobishana hawakuwa wamesoma ibara hata moja. Oktoba, mikataba na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, iliposainiwa kwa miaka 30, kila upande ulikuwa umeshatoa hukumu yake.

Bandari ni kubwa, lakini iko mbali na maisha ya kila siku ya mwanafunzi. Hosteli iko karibu zaidi. Hapo ndipo msimamo wake kuhusu ubia unapoonekana vizuri, kwa sababu hauongozwi na itikadi wala chama. Unaongozwa na kitanda: anacho au hana.

Mwaka 2017 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilizinduliwa hosteli mpya zilizojengwa na Wakala wa Majengo, zenye nafasi za wanafunzi 3,840. Ulikuwa ushahidi kwamba serikali ikiamua inaweza kujenga kwa fedha zake na kwa muda mfupi. Hata hivyo, kubebana hakujakoma. Mwanafunzi aliyekosa nafasi hulala kitanda kimoja na rafiki yake, au hutafuta geto Changanyikeni, Sinza au Mabibo, ambako mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Bado hajanunua godoro, hajaweka umeme, wala hajapanda daladala.

Sasa tuchukulie kuna mbia anayetaka kujenga kwa mtaji wake kwenye ardhi ya chuo, akusanye kodi kwa miaka 25, kisha akabidhi majengo. Tuseme anatoza shilingi 3,000 kwa siku. Mwenye chumba cha chuo, anayelipa shilingi mia chache tu, ataona huo ni unyang'anyi. Wa geto atapiga hesabu ya pango na nauli, na huenda akaona amepata nafuu. Wote wawili wako sahihi, maana kila mmoja analinganisha bei hiyo na maisha anayoyajua. Kwa hiyo kura ya maoni inayouliza tu kama wanafunzi wanaunga mkono ubia haitatuambia mengi.

Tena kuna jambo ambalo wote wawili hulipuuza. Fedha ya kumlipa mbia itatoka kwenye boom (fedha ya kujikimu ya mkopo wa mwanafunzi), ambalo kwa sasa ni shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Ikitolewa 3,000, kinachopungua ni chakula. Boom likiongezwa ili kuziba pengo, kinachoongezeka ni deni la Bodi ya Mikopo, linalokatwa asilimia 15 ya mshahara mhitimu anapopata kazi. Mbia hatoi sadaka. Anatanguliza fedha, na mwanafunzi anazirudisha pamoja na faida.

Hilo peke yake si kosa. Kosa huanza pale vifungu vinapoandikwa na watu wasiolala humo. Mwekezaji wa hosteli huogopa vyumba vitupu, hivyo anaweza kudai chuo kimhakikishie idadi ya wapangaji, na vyumba visipojaa chuo kilipe tofauti. Anaweza pia kudai chuo kisijenge hosteli nyingine ya bei nafuu jirani naye. Vikikubaliwa vifungu viwili vya namna hiyo, hasara yote inahamia kwa umma na faida inabaki kwake.

Mifano haiko mbali. Kituo cha biashara cha Mlimani City kilijengwa kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mwekezaji kutoka Botswana, na kwa miaka mingi kamati za Bunge zimekuwa zikihoji masharti ya mkataba wake na mgawo wa chuo. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalianza mwaka 2016 chini ya mtoa huduma aliyeitwa wa mpito. Mpito huo ukaendelea miaka, abiria wakasongamana vituoni, na wa kubebeshwa lawama hakujulikana vizuri: mwenye barabara au mwenye mabasi? Kuvunja mkataba nako si njia rahisi. Kampuni ya City Water ilikabidhiwa huduma ya maji ya Dar es Salaam mwaka 2003 ikaondolewa mwaka 2005, lakini mashauri ya usuluhishi ya kimataifa yaliendelea hadi mwaka 2008.

Anayepinga ubia moja kwa moja naye ana swali la kujibu: fedha zitoke wapi? Chuo Kikuu cha Dodoma kilijengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii, na serikali ikabaki na deni kubwa kwa mifuko hiyo. Njia isiyo na mbia nayo ina mlipaji wake.

Kwa maoni yangu, ubia wa hosteli unafaa kwa masharti matatu. Kodi ya chumba na utaratibu wa kuipandisha viandikwe kwenye mkataba, visiachwe kwa hiari ya mbia. Chuo kisitoe dhamana ya vyumba vitupu wala kujifunga mikono kisijenge hosteli zake. Mkataba wote uwekwe wazi kabla ya kusainiwa, na serikali ya wanafunzi ipewe muda wa kuusoma na kuuhoji.

Sharti la tatu linawadai pia wanafunzi wenyewe. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa sheria, uhasibu na uhandisi wanaoweza kuuchambua mkataba kifungu kwa kifungu. Uongozi wa wanafunzi ukiunda kamati ya namna hiyo kabla mbia hajafika, chuo kitapata shida kuwaambia kwamba mambo haya ni ya wataalamu. Na mbia atakayekataa mkataba wake usomwe na wapangaji wake, apewe nauli ya kurudi.