Nyumba Hununuliwa Kiangazi, Hukaliwa Masika

Katika miji yetu hakuna uamuzi wa fedha unaomshughulisha mwananchi wa kipato cha wastani kuliko ule wa kununua nyumba ya kuishi yeye na jamaa yake. Huweka akiba kwa miaka mingi, hukopa katika chama cha akiba na mikopo, pengine huuza shamba la urithi. Kisha, jambo la kustaajabisha, huuchagua mtaa atakaokaa maisha yake yote katika alasiri mbili au tatu, akiongozwa na dalali, tena katika miezi ya jua. Makala haya yanazihusu alasiri hizo. Rai yangu ni kwamba katika mji kama Dar es Salaam jambo la kwanza la kuchunguzwa na mnunuzi ni maji: yanatoka wapi, yanapita wapi, na yanaishia wapi, na kwamba maarifa hayo, ambayo yapo, hayafai kuachwa yawe siri ya majirani.

Nitaanza na mfano wangu mwenyewe, ingawa si wa kujivunia. Nilirejea kutoka masomoni Uholanzi nikiwa na shahada ya uzamivu juu ya mwendo wa maji katika udongo. Takriban robo ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari, na kila mkazi wake anafahamu kwamba ukavu wa sebule yake unategemea kuta za kuzuia maji na pampu zisizozimwa. Ungetazamia kwamba mtu aliyeishi huko na kusomea jambo hilo hatadanganyika kwao. Mwezi Agosti wa mwaka uliofuata, mimi na mke wangu tulionyeshwa nyumba ya vyumba vinne, karibu na barabara ya lami, kwa bei ndogo kuliko tulivyotarajia. Nilikagua paa, nyaya za umeme na madirisha. Kuta za nje zilikuwa zimepakwa rangi mpya ya kahawia kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, na juu yake rangi ya zamani ikaachwa kama ilivyokuwa. Nilidhani ni pambo.

Tulikuwa tumekwisha kupatana bei mke wangu alipotoka kununua mihogo ya kuchoma kwa mama mmoja aliyekaa ng'ambo ya barabara. "Nyumba nzuri, mwanangu," yule mama alimwambia, "lakini mwezi wa nne mtapandisha vitanda juu ya matofali." Hakuwa na ramani wala kipimo cha aina yoyote. Nilipotoka na kuzitazama nyumba za jirani kwa macho mapya, niliona kuwa karibu kila mlango ulikuwa na tuta la saruji mbele ya kizingiti, na kwamba katika ukuta mmoja usiopakwa rangi kulikuwa na mstari wa tope, umenyooka kana kwamba umechorwa kwa rula. Tukaomba radhi, tukaondoka.

Jiografia ya jiji letu si ngumu kueleweka. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 843,090 katika sensa ya mwaka 1978. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Ongezeko hilo limekaa juu ya uwanda wa pwani unaopasuliwa na mabonde ya mito midogo. Mto Msimbazi, ulio mashuhuri kuliko mingine, huanzia katika vilima vya Pugu, hutembea kiasi cha kilomita 35, kisha humwaga maji yake baharini karibu na daraja la Salenda. Kabla ya kuifikia bahari hupita katika bonde pana la Jangwani. Bonde hilo ni pana kwa sababu mto wenyewe ndio ulioliumba kwa kufurika mara nyingi, karne kwa karne. Mafuriko ya Jangwani ni desturi ya mto ule tangu kale. Desemba 2011 mvua kubwa ilipofurisha mabonde ya jiji, zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Waliookoka kutoka mabondeni walipewa viwanja Mabwepande.

Wazee waliotutangulia waliyajua mambo haya na mara nyingine wakayaandika katika majina. Kule Msasani upo mtaa uitwao Bonde la Mpunga. Mpunga wa bondeni hustawi penye maji yaliyotuama, na jina hilo linamwambia mnunuzi mengi kuliko tangazo lolote la kuuza nyumba. Mimea nayo husema. Palipo na matete na mafunjo katika kiwanja kisichojengwa pembeni mwa nyumba unayoitazama, hata kama ardhi imekauka na kupasuka, maji hayako mbali. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaotoa nyufa pana wakati wa kiangazi huvimba wakati wa mvua, na kuta zilizojengwa juu yake bila msingi wa kufaa hupasuka kwa mishazari kuanzia pembe za madirisha. Mtu asiyekuwa na chombo chochote aweza kuchimba shimo la kina cha goti, akalijaza maji mara mbili, akalitazama ujazo wa pili ukizama. Katika kichanga maji hutoweka upesi. Katika mfinyanzi aweza kwenda kulala na kuyakuta asubuhi. (Madalali hawapendi jaribio hili. Mmoja aliniuliza kama nimekuja kununua nyumba au kutafuta madini.)

Lakini si haki kumwambia mnunuzi kwamba nyumba isiyofurika hadi leo haitafurika kesho. Hapa ndipo wengi, hata wenye elimu, wanapokosea. Tuchukue hesabu nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 150, likinyeshewa milimita 50, hutupa chini lita 7,500. Kabla nyumba haijajengwa, sehemu kubwa ya maji hayo yangenywewa na kichanga na mizizi. Sasa yanashuka yote, tena kwa pamoja, na kukuta ua uliosakafiwa. Zidisha kwa nyumba 1,000 zilizojengwa juu ya mlima katika muda wa miaka kumi, utapata lita milioni 7 na nusu ambazo mtaro wa bondeni haukuwa ukizipokea zamani. Kwa hiyo swali, "Je, nyumba hii imewahi kuingia maji?" ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni, "Huko juu kunajengwa nini?" Panda, ndugu msomaji, utembee hadi kwenye kilele cha mtelemko, hata ikikugharimu saa nzima. Kama utakuta msitu wa mikorosho wenye vigingi vya upimaji, basi fahamu kwamba mtaro wako una wageni njiani.

Yapo pia maji yasiyoonekana. Katika maeneo ya chini karibu na pwani, kina cha maji ya ardhini hupanda sana wakati wa masika, hata karo la choo likakosa mahali pa kupeleka maji yake. Wenye nyumba huita gari la kunyonya, na wasio na uwezo, tuseme ukweli, hungojea mvua kubwa wakatapisha vyoo usiku. Maji hayo hupita uani kwa jirani, na visima vifupi viko uani. Wataalamu wa afya hupendekeza umbali wa angalau mita 30 baina ya kisima na shimo la choo. Katika mitaa yetu mingi kiwanja chenyewe hakifiki urefu huo. Visima virefu, ambavyo vilichimbwa kwa wingi jijini baada ya ukame wa mwaka 1997, vina shida yake. Maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, na kanuni ya jumla ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hutegemezwa na mita 40 hivi za maji baridi zilizo chini yake. Kuvuta kwa pampu hadi kupunguza mita moja ya juu ni kukaribisha chumvi ipande kwa kiasi kikubwa. Onja maji ya kisima kabla ya kuyasifu.

Yumkini msomaji atauliza: je, wanaonunua mabondeni ni wajinga? La, hasha. Mwalimu wa shule ya msingi anayenunua vyumba vitatu kandokando ya bonde amekwisha kupiga hesabu yake, na mara nyingi hesabu hiyo ni sahihi kuliko yetu. Bondeni ni karibu na soko, na hospitali, na kazi. Baadhi ya waliohamishiwa Mabwepande walirudi mjini baadaye, wala hawakurudi kwa ukaidi tu: mtu aliyekuwa akienda Kariakoo kwa miguu alijikuta akilipa nauli ya magari mawili kwenda na mawili kurudi, na mtoto wake akitoka nyumbani kabla ya alfajiri. Siku zilizo kavu ni nyingi kuliko siku za mafuriko, na nauli hulipwa katika siku zote. Mtaalamu anayemwambia mtu huyu "hama" bila kuitia nauli katika hesabu hajamaliza kazi yake. Ninachomdai mimi ni kidogo zaidi. Mnunuzi awe huru kuchagua bonde, ila alichague akijua, na bei iteremke kulingana na anachokijua.

Na hapa ndipo tunapokosa kitu. Mnunuzi mwangalifu huenda kufanya upekuzi wa hati. Humwelezwa mwenye ardhi ni nani, muda wa hati umebaki miaka mingapi, kama kuna rehani au zuio. Kuhusu maji haelezwi neno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko, nayo ni sheria njema. Lakini kingo za mito yetu ya kichanga humomonyoka, na nyumba iliyokuwa mita 70 kutoka mtoni miaka michache iliyopita yaweza leo kuwa mita 40 bila kusogea hata inchi moja. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya jiji imejengwa pasipo kupimwa, na huko mauziano hufanyika mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi wawili, kwa karatasi moja.

Karatasi hiyo hiyo yatosha. Napendekeza kwamba kila mkataba wa mauziano ya nyumba uwe na mstari mmoja ambao muuzaji ataujaza na kuutia sahihi: maji yamewahi kuingia katika nyumba hii, mwaka gani, na yalifika kimo gani. Napendekeza pia kwamba katika ofisi ya kila serikali ya mtaa kubandikwe ramani ya mahali maji yanapofika. Si kazi ya kuanza upya. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wananchi wa mitaa kuchora mitaro na maeneo yanayofurika, na ramani zake ziko wazi kwa umma. Mwenye simu na mwenye kujua pa kutafuta anazo. Mama muuza mihogo anayo yake kichwani. Aliyekosa ni mnunuzi, ambaye ndiye anayelipa.

Nimekwisha kusikia pingamizi: ramani ya namna hiyo itashusha thamani ya nyumba za watu, na wengine walizinunua bila kuambiwa lolote. Pingamizi hili ni zito, nami sina jibu la kumridhisha kila mtu. Lakini hasara hiyo ipo tayari, ramani haiizai. Inachofanya ukimya ni kuihamisha hasara kutoka kwa ajuaye kwenda kwa asiyejua, na asiyejua aghalabu ni kijana aliyetoka mkoani na mkopo wa kwanza wa maisha yake.

Nayasema haya nikiwa na deni. Sisi hatimaye tulinunua mahali pa juu, penye kichanga, ambapo maji ya bomba hufika siku mbili kwa juma na tumelazimika kununua matangi mawili. Shida ya mlimani nayo ni shida. Siku ile tulipoiacha ile nyumba ya rangi ya kahawia, kijana mmoja na mkewe walikuwa langoni wakingoja zamu ya kuonyeshwa. Tulisalimiana nao. Sikuwaambia kitu, kwa kuwa dalali alikuwa amesimama pale na niliona haya kumharibia biashara yake. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, nilipita njia ile. Rangi ilikuwa imebabuka, magodoro yameanikwa juu ya ukuta wa ua, na yule kijana alikuwa amechuchumaa mlangoni akijenga tuta la saruji, kimo cha matofali mawili, akipima kwa mkono kama litatosha.