Hali ya Mimba, au Damu Inayonyonywa?

Mjamzito akilalamika kwamba kizunguzungu humshika kila anapoinuka, na moyo humwenda mbio kwa kazi ndogo, wengi wetu majumbani humjibu kuwa hiyo ndiyo hali ya mimba. Kwa ndugu zetu wa vijiji vya Shinyanga na machimbo ya Geita, jibu hilo ni la hatari. Huko malaria, safura na kichocho huweza kumpunguzia damu mama mmoja kwa wakati mmoja.

Malaria ya mjamzito ina hila. Vimelea vyake hujificha katika kondo la nyuma, mama akaendelea na shughuli zake bila homa, huku mtoto akinyimwa lishe tumboni na kuzaliwa na uzito pungufu. Mashimo ya dhahabu yaliyoachwa wazi hujaa maji ya mvua, yakawa mazalia ya mbu. Kinga ni chandarua chenye dawa kila usiku, pamoja na vidonge vya SP kliniki kuanzia wiki ya 13: angalau dozi tatu, zikipishana mwezi mmoja au zaidi. Anayetumia Septrin kila siku amweleze mkunga, kwani huyo hapewi SP.

Dozi hiyo humezwa mbele ya mhudumu, na hapo huzuka swali la Ramadhani. Mjamzito anayejihofia nafsi yake au mwanawe ana ruhusa ya kula. Namna ya kulipa amuulize shekhe wake. Anayetaka kutimiza funga aombe kusogezewa tarehe. Kuikimbia kliniki mwezi mzima si ucha Mungu.

Kichocho hukaa lamboni. Kimelea hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya anayeingia majini kuchota, kufua au kutawadha. Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na mkojo ndio unaoyarudishia maji hayo mayai ya kichocho. Basi tuchimbe vyoo, na maji ya udhu na ya kuoga yakae chomboni siku mbili kabla ya kutumiwa.

Minyoo ya safura hupenya nyayo zilizo peku. Na ile pemba wanayotafuna wajawazito, tunajua hamu yake ni kali, lakini udongo huweza kubeba mayai ya minyoo mingine, na penye machimbo huweza kuwa na zebaki pia. Dawa za minyoo na za kichocho hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza, kwa ushauri wa mhudumu, si za kununua dukani kwa kubahatisha.

Nanyi akina baba, ombeni kadi ya kliniki muisome. Tafuteni palipoandikwa wingi wa damu. Ikiwa ni chini ya 11, mkeo hadeki.